Dawa Niliyopulizia Maharage ya Mama

Watu wa Nyantakara, huku Biharamulo, walionunua dawa dukani kwangu miaka ile watakwambia kwamba nilikuwa mkali. Sikatai. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya viuatilifu, nikapewa cheti, nikakitia kwenye fremu na kukitundika juu ya mifuko ya mbolea, mahali ambapo mtu akiingia hawezi kukikwepa. Tangu cheti kile kipande ukutani, mdomo wangu haukupumzika. Mkulima akiniomba dawa ya nyanya bila kusema nyanya zina nini, namrudisha shambani akaniletee jani. Akisema anapulizia bila glavu kwa sababu mikono yake imezoea, namwuliza kama na maini yake yamezoea. Kuna mzee mmoja Msukuma, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga na kuanza kulima nyanya uzeeni, aliniambia mbele ya wateja wenzake, "Mama, wewe ungekuwa mke wangu ningehamia zizini na ng'ombe." Tulicheka wote, lakini sikumwuzia dawa mpaka aliponiletea jani.

Kilichonikera kuliko vyote ni watu kudhani dawa ni dawa tu. Wadudu, ukungu, magugu, kwa vyote wanataka kopo moja. Nikawa nawaeleza kwamba dawa ya ukungu haimfanyi kiwavi lolote. Utampulizia naye ataendelea kula kama yuko harusini. Dawa hii inapigana na magonjwa, ile kutu ya majani, chule, baka la viazi, mambo yanayopenda mvua na umande. Na zenyewe, nikawaambia, ziko za namna mbili. Kuna dawa ambayo jani linaivaa, na kuna dawa ambayo jani linainywa. Ya kuvaa inakaa juu kama koti. Ukiiwahisha kabla ya ugonjwa inauzuia usiingie, lakini mvua kubwa ikija inalivua koti lile nawe unaanza upya. Ya kunywa inaingia ndani na kutembea pamoja na maji ya mmea, na mvua haiiwezi. Hapo ndipo nilipokuwa nainua kidole. Isipoondolewa na mvua, na beseni lako la maji pia halitaiondoa. Ndiyo maana kwenye lebo kumeandikwa siku za kusubiri. Hesabu siku, usivune kabla.

Maneno hayo ya kuvaa na kunywa niliyatunga mwenyewe, na niliyapenda mno. Nilikuwa nikiyasema najisikia kama mwalimu mkuu.

Mama yangu anaishi Ngara, kwenye mlima uleule alikoolewa. Baba alifariki mimi nikiwa bado shuleni. Sisi watoto tulisambaa. Mimi nilifuata ndoa Biharamulo, ndoa ikaisha, nikabaki na duka. Mama alibaki na migomba yake, na chini ya migomba mibuni michache, na upande wa njia shamba la maharage, yale yanayopanda fito. Mara moja kwa mwezi nilikuwa nakwenda kumwona na kupanga meza kwenye gulio la kwao, nikiuza mbegu na vipaketi vya dawa. Watu walinifahamu tangu nikiwa mtoto, kwa hiyo waliniamini upesi. Mwaka huo ninaousimulia nilikuwa nimeshakodi chumba karibu na gulio, nifungue duka la pili. Mwenye chumba alikuwa jirani wa mama.

Lazima nieleze habari ya majani, kwa sababu aliyekulia kwingine hataona kosa langu liko wapi. Kwetu maharage yanaliwa mara tatu. Yakiwa machanga tunachuma majani yake tunayapika mboga. Yakitunga tunakula mabichi. Yakikauka tunayapura na kuyaweka ghalani. Majani ndiyo yanayotangulia, na huja wakati ambapo ghala limeshakuwa jepesi, basi watu huyangoja kwa hamu. Tena hayaombwi. Mwanamke anayepita kutoka kisimani au kanisani, akiona shamba la jirani limestawi, anaingia pembeni, anachuma mawili matatu katika kila shina, yale laini, bila kukata kichwa cha mmea, kisha anaendelea na njia yake. Hakuna atakayemwita mwizi. Anayechuma hovyo atasemwa, ndiyo, lakini mtu wa kumkataza mwenzake majani ya maharage sijawahi kumwona. Ni sawa na kumnyima jirani kaa la moto. Mimi mwenyewe nilitumwa majani hayo nikiwa mtoto, nikiwa na kikapu kidogo, kwenye mashamba ya watu ambao hata majina yao sikuyajua.

Mvua ya mwaka ule haikutupa nafasi. Ilinyesha asubuhi, ikapumzika kwa saa mbili tu, ikarudi. Mama akanipigia simu.

"Mwanangu, maharage yanaungua."

"Yanaunguaje, mama? Yana nini hasa?"

"Sasa unaniuliza mimi? Mwenye cheti si wewe?"

Nilifunga duka Jumatatu alfajiri, nikabeba bomba la mgongoni na paketi ya dawa, nikabadili gari njiani na kufika kwa mama kabla ya saa sita mchana. Majani yalikuwa na vidonda vya rangi ya kutu, ukiyagusa unga wa kahawia unabaki kidoleni. Ugonjwa ulikuwa umeanza, haujalishinda shamba. Niliufurahia, kusema kweli. Nilikuwa nimepata ugonjwa ninaoujua, katika shamba la mama yangu, na nilikuwa na dawa yake mkononi. Paketi ile ilichanganya zote mbili, ya kuvaa na ya kunywa.

Nikavaa buti, glavu, barakoa na miwani. Mama akasimama mlangoni akanitazama, akasema nimekuwa kama mtu anayekwenda kuvuna asali. Nikachanganya. Kipimo kilichoandikwa nilikijua kwa moyo, na bado nikaongeza kijiko kimoja juu yake, iwe na nguvu, kwa kuwa ni shamba la mama. Wateja walioniambia "niliongeza kidogo" nilikuwa nawafokea mpaka wanatoka nje. Nilipulizia mpaka majani yakadondosha matone. Yalipokauka yalibaki na vumbi jeupe kama yamenyunyiziwa unga wa muhogo.

"Mama," nikamwambia nikiwa navua glavu, "wiki mbili usivune."

"Maharage yenyewe bado mwezi na zaidi."

"Basi hakuna tatizo."

Nilisema hivyo, nikanywa chai, nikapanda gari la kurudi. Miaka kumi na zaidi ya kula majani yale, na sikuyakumbuka. Kichwani mwangu "kuvuna maharage" ilikuwa imeshakuwa maneno ya lebo, na lebo haijui kwamba kuna watu wanaokula majani. Aliyeiandika hakulelewa Ngara. Mimi nililelewa huko, na ndiyo sababu sina pa kujificha.

Jumanne na Jumatano wanawake walipita wakachuma kama kawaida. Mama alikuwa kwenye shamba lake la chini anapalilia muhogo. Hata angekuwepo asingewazuia, kwa sababu hakujua kuna la kuzuia. Jumatano hiyohiyo, wanawake watatu wakaanza kuumwa matumbo na kutapika. Mmoja wao alikuwa amejifungua wiki mbili tu zilizopita. Mama mkwe wake alikuwa amemchumia majani mengi, mazazi apate nguvu. Alitapika mpaka akaishiwa, wakampeleka zahanati akawekewa maji, na kila mtu akamtazama mtoto aliyekuwa ananyonya. Mtoto hakupatwa na kitu. Mama yake aliruhusiwa kurudi nyumbani kesho yake. Lakini zahanati walimwuliza alikula nini, naye akasema alikula majani ya shamba la mama yangu.

Kama ni dawa iliyowaumiza, mpaka leo sijui kwa hakika. Ulikuwa msimu wa mvua, visima vilikuwa vimejaa tope, na matumbo yalikuwa yakisumbua watu wengi. Nimewahi kujifariji kwa hilo. Kisha nakumbuka kile kijiko cha ziada.

Alhamisi mama alinipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wanasema nimeweka kitu kwenye majani."

"Kitu gani?"

"Unajua wewe kitu gani. Wanasema nimechoka kuchumiwa."

Kwetu sumu si neno la kuchezea. Mtu akishashukiwa kwamba chakula chake si salama, kikombe chake hakinywewi tena, mchango wake wa harusi unapokelewa na kuwekwa kando, na wajukuu wake wanaitwa warudi nyumbani kabla ya kula. Hakuna kesi, hakuna hukumu, na hakuna siku ya kumaliza kifungo. Mama alikuwa mjane anayeishi peke yake. Jina zuri ndilo lililokuwa limemzunguka kama ua. Na kulikuwa na ya kumsuta. Siku chache kabla, wakitoka kanisani, alikuwa ametania kwamba mwaka huu wachumaji wasipomhurumia atavuna fito. Walicheka wote siku ile. Sasa wakakumbushana utani ule bila kucheka. Wakakumbushana na unga mweupe juu ya majani.

Nilipomsikiliza ndipo majani yaliponijia, yote kwa pamoja, na kikapu changu cha utotoni. Nikakaa juu ya mfuko wa mbolea.

"Mama, ni dawa. Majani yameinywa. Zile wiki mbili ni za majani pia, sikukwambia, nilisahau. Usiyaguse hata wewe."

Akauliza, "Basi niwaambie ni dawa?"

Hilo ndilo swali ambalo ningetoa vyote nilivyonavyo niulizwe tena. Alikuwa tayari kutoka nje palepale na kuwaambia. Lakini mimi nikaona chumba nilichokodi, nikaona meza yangu ya gulioni, nikaona watu wakisema yule mwenye dawa aliwalisha watu dawa. Nikaona mkaguzi akiuliza kibali changu.

"Usiseme chochote kwanza," nikamwambia. "Nakuja, nitasema mwenyewe."

Akatii. Na kwa sababu nilikuwa nimemwambia asiyaguse, hakuyachuma. Wakaliona hilo pia. Wakasema, mbona yeye mwenyewe hayali? Kwa upande wa kuchuma, kila mtu alikuwa ameshaacha kwa hofu, kwa hiyo nikajidanganya kwamba hakuna haja ya kutangaza jambo upesi.

Nilifika Ijumaa alasiri. Njiani nilimpita jirani yetu mmoja, mama ambaye tangu utoto nilimwita mama mdogo kwa jinsi alivyopatana na mama. Walikuwa wakikopeshana chumvi, wakisukana nywele, wakigombana na kupatana kabla ya jioni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama mdogo." Akaitikia marahaba huku akiangalia jembe lake. Hakuuliza habari za Biharamulo.

Mama alikuwa amefagia uwanja mara mbili. Jumuiya ya sala, ile ya nyumba kwa nyumba, kesho yake ilikuwa kwake kwa zamu. Alikuwa ameazima mabenchi kabla ya mambo kuharibika, na wenye mabenchi hawakuja kuyachukua.

"Watakuja?" nikamwuliza.

"Watakuja. Asiyekuja ataonekana amenihukumu. Watakuja wakae, wasile." Akanitazama. "Utasema kesho?"

"Nitasema, mama."

"Sema vizuri tu. Sema ni dawa ya ugonjwa, hukukusudia. Watu watakuelewa, wewe ni mtoto wao."

"Nitasema."

Na niliamini kabisa kwamba nitasema. Nililala nikiwa nimeshapanga na maneno.

Jumamosi asubuhi walikuja kweli, wengi kuliko kawaida. Wanawake walijaa sebuleni, wanaume watatu wanne wakakaa kwenye benchi la mlangoni, akiwemo yule aliyenikodishia chumba. Yule mazazi hakuja, lakini mama mkwe wake alikuja. Tukasali rozari, tukasoma Injili, tukaombea wagonjwa. Mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke mtaratibu sana, akafunga kitabu na kuuliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama. Nakumbuka mama akishusha pumzi pembeni yangu, kama mtu anayetuliwa mzigo kichwani.

Nikaanza kwa salamu. Nikasema nimesikia habari za wagonjwa na nimesikitika. Nikatazama nyuso zile. Nusu yao walikuwa wateja wangu. Mwenye chumba alikuwa ameegemea mlango, ananisikiliza kwa heshima, maana mimi ndiye msomi wa mambo haya. Nikajisikia nikisema kwamba msimu wa mvua una uchafu mwingi. Kwamba matope yanarukia mboga. Kwamba mboga zote za majani zinatakiwa kuoshwa vizuri, mara tatu, kwa maji safi, kabla ya kupikwa. Nikaeleza namna ya kuosha. Nikainua na kile kidole changu. Nikakaa.

Yote niliyoyasema yalikuwa kweli, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko yote niliyopata kusema. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha watu kwamba beseni la maji haliondoi kilichokwisha kunywewa.

Mama hakunitazama. Mama mdogo ndiye aliyejibu. Sidhani alikuwa na ubaya. Nimelifikiri sana, nadhani alikuwa anamtafutia rafiki yake mlango wa kutokea.

"Mwanetu ametufundisha vizuri," akasema. "Basi tuoshe hayahaya ya hapa, mwenye nyumba atupikie."

Kila mtu alielewa kilichoombwa. Kwetu mwenye nyumba hunywa kwanza kabla ya mgeni, ndivyo kinywaji kinavyosafishwa. Mama alikuwa anaambiwa aonje.

Sasa akanitazama. Alinitazama kwa muda ambao ungemtosha mtu kusimama, kusema sentensi moja na kukaa. Mimi niliangalia ndala zangu. Mama akachukua kikapu kilichokuwa kimetundikwa nyuma ya mlango, akatoka.

Kutoka sebuleni shamba lilionekana. Tulimwona akipita kati ya fito, akichagua. Alichuma kidogo, kiasi cha kujaa mkononi, akarudi. Akaosha mara tatu mbele yetu, kama nilivyofundisha. Akaweka sufuria ndogo jikoni, mawese kidogo, chumvi. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukachelewa. Nilikuwa na muda wote huo. Nilikaa nikihesabu: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Siku tano. Koti lilikuwa limeoshwa, labda. Dawa iliyonywewa ilikuwa ndani ya sufuria.

Watu wakaanza kuzungumza taratibu mambo mengine, bei ya kahawa, daraja lililobomoka. Nikachangia. Ndiyo, nilichangia habari za daraja, wakati mama yangu anapika.

Akaleta sahani moja na kipande cha ugali wa muhogo, akakaa kwenye kigoda katikati ya sebule. Akafanya ishara ya msalaba. Akala tonge, akatafuna, akameza. Akala la pili. Alikula bila haraka hata kidogo, akipumzika kati ya tonge na tonge, macho yakiwa kwenye sahani. Sijawahi kuona mtu akila polepole vile. Mama mdogo, akiwa ameshalegea moyo, akanyoosha mkono amege naye. Mama akaisogeza sahani upande wa pili.

"Wewe umeshashiba maneno ya wiki nzima," akamwambia. "Niachie changu."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Mama mdogo alicheka mpaka akajifuta machozi, na nadhani hayakuwa yote ya kicheko. Mama akamaliza sahani, akaifuta kwa tonge la mwisho, hakubakiza hata jani. Ndizi na maharage makavu ya msimu uliopita vikaletwa, watu wakala, wakanywa togwa kwenye vikombe vya mama. Mama mkwe wa yule mazazi aliomba kuongezewa. Siku moja ilikuwa imetosha kulirudisha jina la mama, na aliyelirudisha ni yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, nilimsikia akitapika nyuma ya nyumba. Alidhani nimekwenda kisimani. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akaniuliza kama nitakula ndizi zilizobaki. Kesho yake asubuhi aliamka akaenda kanisani, na mimi nikarudi Biharamulo.

Duka la pili lilifunguliwa baada ya miezi michache, na lilifanya vizuri. Watu wa mlima ule ni waaminifu kwa mtu wao. Yule mazazi wa siku zile ni mteja wangu. Mtoto wake sasa anasoma. Siku moja alinishukuru mbele ya watu. Alisema tangu nilipowafundisha kwenye jumuiya, yeye huosha mboga mara tatu, na matumbo hayajawasumbua tena nyumbani kwake. Nikamwambia vizuri sana, mama, endelea. Kisha nikaenda stoo nikasimama huko kati ya mifuko kwa muda, nikijifanya natafuta kitu.

Siku hizi mtu akija kutaka dawa ya maharage simwulizi kwanza lebo anaijua ama haijui. Namwuliza, "Mnakula majani?" Akisema ndiyo, namwambia atenge mistari ya kula asiipulizie kabisa, na kwenye mistari aliyopulizia afunge kitambaa chekundu kwenye fito, na awatangazie majirani kabla hajafungua paketi. Wengine wananiona bado mkali. Ukali ule wa zamani ulikuwa wa mtu anayejua; huu wa sasa ni wa mtu anayeogopa. Nimemwuliza mtaalamu mmoja, kwa mzunguko, kama sahani moja ya majani ya siku ya tano inaweza kumdhuru mtu mzima miaka baadaye. Alisema si rahisi, sahani moja ni kidogo. Sikumwambia ni sahani ya nani. Mama bado yupo, anapalilia, anapanda mlima. Lakini kila anaponiambia kwenye simu kwamba tumbo halijatulia, nahesabu tena kuanzia Jumatatu ile.

Tulizungumza habari ya siku ile mara moja tu. Ilikuwa msimu uleule, maharage yamekauka, nimekwenda kumsaidia kupura. Mavuno yalikuwa mazuri. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake. Tulikuwa wawili uwanjani, mimi na fimbo, yeye na ungo, na upepo ulikuwa mzuri wa kupepeta. Nilipura mpaka mikono ikauma, maana mtu anayepura halazimiki kumtazama mwenzake. Mwishowe nikaweka fimbo chini.

"Mama, nisamehe."

"Kwa lipi?"

Alitaka nilitaje. "Kwa siku ya jumuiya. Nilikuahidi nitasema."

Akapepeta. Makapi yakaruka upande wa migomba.

"Ungekataa kula," nikamwambia. "Ulijua yamekunywa dawa, nilikwambia mwenyewe. Ungewaambia tu kwamba ni mimi."

"Niwaambie wakati mwenyewe umekaa pale?" Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Nilichuma ya mtu mmoja, asije akala mwingine. Hilo uliliona?"

"Niliona."

"Na nilivyokula polepole, uliona?"

"Niliona, mama."

Akaweka ungo magotini, akanitazama usoni, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira.

"Nilikuwa nakusubiri uje uniondolee sahani."